Uvimbe Hauvuki Mto

Aurelia alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na kigugumizi. Kwao, upande wa Mahenge, alijulikana kuwa ni mtoto anayesuuza kikombe hata kama kimetoka kusuuzwa sasa hivi, anayekula ugali wa pembeni kabisa, kule ambako vidole vya wenzake havijafika. Mama yake alikuwa akimcheka. "Wewe utaolewa na nani, mwanangu? Na malaika?"

Hakuolewa na malaika. Alimaliza darasa la saba, akakaa nyumbani kidogo, kisha akaolewa na Hermenegildi, mkulima wa mpunga wa Idete, kijana mrefu, mpole, mchapakazi, asiye na ulevi wala ngumi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mbele ya mama yake alikuwa haoni wala hasikii.

Mama huyo aliitwa Sikitu. Alikuwa mjane mwenye mikono ya nguvu na sauti ya kuitia watu ng'ambo, na mdomoni mwake tumbaku haikukauka. Aliitafuna kutwa nzima, akiihamisha kutoka shavu hili kwenda lile kama mtu anayebadilisha mzigo begani, kisha akatema popote pale alipo: mlangoni, jikoni, kando ya kinu. Mate yake yalikuwa ya rangi ya kutu na yalivutika kama utomvu. Aurelia alijifunza kutazama pengine. Alijifunza kufagia ule udongo wenye madoa kabla jua halijapanda, na kuficha kikombe chake nyuma ya gunia la pumba. Lakini siri ya kikombe haidumu katika nyumba ya watu.

"Mke wa mwanangu ana pua ya kizungu," Sikitu aliwaambia wenziwe kisimani. "Mimi nikipiga chafya yeye anafua."

Wakacheka wote, na Aurelia akacheka nao. Angefanya nini?

Alipojifungua mtoto wa kiume, wakamwita Beatus. Watu walingoja waone kama kile kinyaa kitahamia kwa mtoto. Hakikuhamia. Mavi ya mwanawe aliyaosha huku akiimba. Maziwa aliyocheua yakammwagikia kifuani aliyaacha yakauke, na harufu yake iliyochacha ikawa kwake kama manukato. Alikuwa akimnusa utosini kila saa, hata wifi yake, Katarina, akamwambia, "Wifi, utamvuta huyo mtoto wote aingie puani."

Beatus alichomwa sindano ya kifua kikuu akiwa mchanga bado, ile ya begani mkono wa kulia, pale zahanati ya kijiji. Nesi Eliza aliwakusanya akina mama benchini akawaeleza kwa lugha nyepesi: baada ya wiki kadhaa patatokea kipele, kitatoa maji, kitakauka, kitaacha kovu. Msikiguse. Msikipake kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wote wa benchi lile, na kwa Beatus pia. Kipele kikatoka, kikalia machozi yake, kikaanza kukauka.

Kisha siku moja, akimwogesha, kidole cha Aurelia kikakuta kitu kwapani. Kilikuwa kama punje ya hindi, kigumu, kinateleza chini ya ngozi. Kila alipomwogesha alikitafuta akitumaini hakipo, na kila mara kilikuwepo, tena kimekua. Kilipofika ukubwa wa yai la njiwa alimfunga mtoto mgongoni akaenda zahanati bila kumuaga mtu.

Nesi Eliza alimlaza mtoto mapajani, akamwinua mkono, akapapasa kwa vidole viwili, macho yake yakiwa dirishani kama anayesikiliza.

"Ana homa?"

"Hana."

"Analia ukimgusa hapa?"

"Anacheka. Anatekenyeka."

"Basi ni ile chanjo ya begani. Kwa watoto wengi haitokei kabisa. Kwa mmoja mmoja hutokea, tezi ya kwapani inavimba. Mama Beatus, nisikilize vizuri. Usiikande. Usiitumbue. Usipake kitu chochote. Itakaa kaa hapo, halafu mara nyingi hunywea yenyewe. Kuna daktari anapita vijijini kutoka Ifakara kuwaangalia watoto wa namna hii, nitamwambia aje amwone."

"Sasa kwa nini imempata huyu wangu?"

"Ningejua hilo, mama, nisingekuwa nesi. Ningekuwa Mungu."

Aurelia alirudi nyumbani na moyo uliotulia. Maneno ya nesi aliyashika kama alivyoshika majedwali ya shule, neno kwa neno. Lakini mvua zilikuwa zimekaribia, na mvua zikikaribia Idete hakuna anayebaki kijijini. Watu huhamia mashambani, kule bondeni kwenye maji, wakakaa kwenye vibanda mpaka mpunga uvunwe. Wanabeba vyungu, mikeka, kuku miguu juu, mbegu, na watoto. Na ili kufika shamba la ukoo wa Hermenegildi ni lazima kuvuka mto kwa mtumbwi.

Asubuhi ya kuhama walikuwa kando ya maji, mizigo imeshapakiwa, watu wa kaya nyingine wamepanga foleni nyuma yao. Katarina alimpokea Beatus ili Aurelia apande, akamwinua kwa makwapa. Akasita.

"Mama! Njoo ushike hapa."

Sikitu alishika. Uso wake ukabadilika.

"Tangu lini?"

Aurelia akajibu kwamba nesi ameshauona, kwamba ni uvimbe wa chanjo, kwamba utakwisha wenyewe.

"Sikukuuliza nesi. Teofili, shusha mizigo!"

Teofili mwenye mtumbwi akapiga kasia majini kwa hasira. "Nishushe nini tena, mama? Watu wote hawa wananingoja mimi!"

"Shusha. Uvimbe hauvuki mto."

Neno hilo Aurelia alikuwa hajawahi kulisikia, lakini alipotazama nyuso za watu aliona kwamba wengine wote wanalijua. Katika ukoo ule, mtu mwenye jipu au mtoki hapandi mtumbwi wa kwenda shamba. Maji, walisema, yatausukuma uvimbe uingie ndani, upande mpaka kwenye moyo. Na mpunga wa mwaka huo utasimama vizuri, utachanua vizuri, na siku ya kuvuna utatoa mapepe matupu. Kwa hiyo uvimbe hutolewa huku huku, kabla ya kuvuka.

"Mkazamwana, mlete hapa."

"Mama, nesi amesema usiguswe."

"Nesi amezaa nani katika nyumba hii?"

Sikitu alifungua fundo la kanga yake akatoa wembe. Aurelia aliujua wembe ule. Ndio aliokatia kucha za miguu, ndio alionyolea, na makali yake yalikuwa na madoa meusi. Akatoa na kipande cha mzizi, akakitia mdomoni juu ya tumbaku iliyokuwemo, akaanza kutafuna kwa haraka, shavu likifura.

Aurelia alimtazama mumewe. Hermenegildi alikuwa akitazama kuku.

"Baba Beatus."

"Tusiwacheleweshe watu," alisema Hermenegildi, taratibu, kama anayeomba radhi, lakini kwa nani haikujulikana.

Katarina akamshika mtoto mkono ukiwa juu. "Wifi, kama huwezi kuona geuka kule."

Hakugeuka. Aliona wembe ukipita juu ya ule uvimbe mara hii na mara hii, damu ikitoka nyembamba, na Beatus akivuta pumzi ndefu ya mtoto ambaye kilio kimemkwama. Aliona Sikitu akiinama, midomo imebana, halafu lile tope la kahawia likitoka kinywani na kutua kwenye kwapa la mwanawe, nyuzi za tumbaku, mate, makapi ya mzizi. Sikitu akalisugua kwa dole gumba. Uzi wa mate ukabaki ukining'inia kati ya mdomo na mtoto, haukatiki, mpaka bibi akaufuta kwa mgongo wa mkono, na mkono akaufuta kwenye kanga.

"Haya. Teofili, pakia."

Aurelia aliinama kando ya mtumbwi akatapika ndani ya mto. Watu wa foleni wakacheka. "Mama Kinyaa huyo! Au kuna mwingine tumboni?"

Kule shambani Sikitu aliirudia dawa yake kila asubuhi. Aurelia naye alikuwa akichemsha maji, akitia chumvi, akimwosha mtoto nyuma ya kibanda kila alipopata mwanya, lakini lilikuwa shindano la mtu mmoja na mdomo usiolala. Uvimbe uliokuwa baridi ukapata moto. Ukawa mwekundu, kisha wa zambarau, kisha ukang'aa kama bilinganya. Beatus hakutekenyeka tena. Ukimsogelea tu upande ule alilia. Halafu ukapasuka palepale penye chale, na kilichotoka kilikuwa kizito, cha manjano na kijani, na harufu yake ilijaza kibanda kizima, ikaingia kwenye mkeka, kwenye kanga, hata kwenye wali.

Hapo ndipo lilipomfika jambo ambalo Aurelia hakulitarajia. Asubuhi moja alimwinua mwanawe amnuse utosini kama kawaida yake, na uvundo ukamwahi puani. Alimsukuma mtoto mbali kidogo, mkono mmoja tu, bila kukusudia. Beatus akamtazama. Aurelia akamrudisha kifuani haraka, akambana, akalia kimyakimya huku nzi wakitua juu yao wote wawili. Kinyaa chake kilikuwa kimepita kila mahali duniani isipokuwa pale, kwenye utosi wa mtoto huyu. Sasa wamekipeleka hata pale. Lile hakuweza kuwasamehe.

Alimwomba mumewe warudi kijijini.

"Tumalize palizi."

"Mtoto anaoza, baba Beatus."

"Mama anasema ndiyo inatoka. Uchafu ukitoka ni lazima unuke."

"Wewe unasemaje?"

Hermenegildi alichukua jembe.

Na habari haikukaa. Vibanda vya bondeni viko mbalimbali lakini maneno yanakata maji kuliko mtumbwi. Ilisemwa kwamba sindano ya serikali imeliozesha kwapa la mjukuu wa Sikitu. Wakaja kutazama, wanawake kwa wanaume, wengine wametoka mashamba ya mbali. Sikitu aliwakaribisha kama mwenye duka. Alikuwa akimfunua mtoto, akimwinua mkono, "Njooni muone kazi yao!" Nao wanaziba pua kwa kanga na kusogea mbele, wanaziba pua na kusogea mbele. Mmoja aliyekuwa anakula muhindi wa kuchoma hakuacha hata kutafuna. Akatazama usaha, akang'ata, akatazama tena. "Mimi wangu simpeleki tena kwenye sindano," alisema akiwa na punje kwenye meno, na wengine wakaitikia. Wembe haukutajwa na mtu. Tumbaku haikutajwa. Nusu yao walikuwepo siku ile kwenye foleni ya mtumbwi, waliona kwa macho yao wakacheka, na sasa walitikisa vichwa: lo, sindano!

Aurelia alikuwa akiwaangalia vinywa vyao vikisema, akaona havina tofauti na kinywa cha Sikitu.

Daktari alikuja siku ya jua kali. Alikuwa mwanamke, Rosemery, mnene kidogo, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Alifuatana na bwana mmoja wa afya aitwaye Stanislaus, aliyekuwa akijipepea kwa kofia na kulaani matope. Nesi Eliza ndiye aliyewaelekeza. Kabla hawajafika kibandani, Hermenegildi aliyewaona kwa mbali alimshika mkewe mkono, akamnong'oneza:

"Waache waseme wenyewe. Wewe nyamaza. Ukitaja wembe, mama yangu atafungwa. Unataka kumfunga mama yangu?"

Salamu zikapita, shikamoo na marahaba, mkeka ukatandikwa. Daktari Rosemery alinawa mikono kwa maji aliyoyaomba, akampokea Beatus. Harufu ilipompanda puani hakukunja uso. Stanislaus alitoa leso akajiziba.

"Hawa wamepaka mavi ya ng'ombe," alisema ndani ya leso. "Mimi nawajua watu wa bondeni. Uchafu wao, halafu lawama kwa chanjo yetu."

"Mavi ya ng'ombe!" Sikitu akaruka. "Mimi nina ng'ombe? Unamwona ng'ombe hapa, baba?"

"Bwana Stanislaus," alisema daktari bila kugeuka, "nenda kanawe uso. Kuna joto."

Akabaki anamtazama mtoto. Alipapasa shingoni, tumboni, kwenye kinena, akalitazama kovu la begani kwa muda mrefu. Kisha akasema na familia nzima, polepole.

"Nieleweni. Kazi yangu ni kuujua uvimbe huu umetoka wapi. Chanjo hii kwa watoto wachache huvimbisha tezi. Nyingine hupasuka zenyewe, na hizo hazina haraka. Tunasafisha, tunangoja. Lakini kama kuna kitu kimekata hapa, au kimepakwa, basi kuna uchafu umeingia, na uchafu unaweza kwenda kwenye damu. Unaweza kuleta pepopunda. Huyo mtoto hangoji kesho. Ndiyo maana nauliza, na simuulizi mtu ili nimshitaki. Mlipaka nini?"

"Hatukupaka kitu," alisema Sikitu.

"Ulipasuka wenyewe," alisema Katarina.

"Na hii homa?"

"Ya jana tu," alisema Hermenegildi, akitazama mkeka. "Malaria. Huku mbu ni wengi."

Daktari alimtazama Aurelia. "Na wewe, mama mtoto?"

Aurelia alihisi macho ya mumewe shavuni kama moto wa jiko. Akaanza kumfukuzia mtoto nzi.

Daktari akashusha pumzi. Alianza kutafuta kwenye mkoba wake, akisema kwamba basi atawaachia klorokwini ya maji na dawa ya kusafishia, atapita tena wiki ijayo, na hali ikibadilika walete. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huamini anachoambiwa. Wiki ijayo! Aurelia alimtazama mwanawe aliyelala mkekani akihema mbiombio kama ndege aliyeshikwa mkononi. Wiki ijayo watamkuta wapi?

Sikitu alifurahi. Mambo yamekwisha salama. Akajisogeza mbele amwonyeshe mgeni jinsi bibi anavyompenda mjukuu, akainama juu ya Beatus, "Baba yangu wewe, mume wangu wewe," na katika kusema tone likamponyoka. Tone la kahawia, zito. Likadondoka juu ya tumbo la mtoto lililokuwa wazi, chini kidogo ya kitovu, likatulia pale liking'aa.

Hakuna aliyeliona, au waliona wakanyamaza. Aurelia alinyoosha mkono akalipangusa kwa dole gumba. Halafu akalinyoosha lile dole mbele ya uso wa daktari.

"Ni haya," alisema. "Haya ndiyo aliyotiwa."

"Alikatwa kwa wembe kule mtoni, tulipokuwa tunavuka. Mama alitafuna tumbaku na mzizi, akamtemea kwenye chale. Na tangu siku ile ametemewa kila asubuhi. Homa si ya jana. Ana homa tangu tuanze palizi."

"We mwanamke!" Hermenegildi alisimama.

"Mchawi!" alilia Sikitu. "Nimefuga mchawi! Nimemtoa mtoto uvimbe, nimeuokoa moyo wake, na mpunga wa watu wote, leo nanyooshewa kidole chenye mate yangu mwenyewe!"

Stanislaus alikuwa amerudi, uso umelowa, amechangamka. "Nilisema! Si nilisema? Kwa hiyo chanjo haihusiki. Uchafu mtupu."

Aurelia akamgeukia. Hata yeye alijishangaa, maana hakuwahi kumjibu mtu wa ofisi maishani mwake. "Mimi sikusema hivyo. Uvimbe ulitangulia. Ulikuwepo kabla ya wembe, ukiwa baridi, haumuumi. Nesi Eliza aliushika kwa vidole vyake. Kama ni chanjo, ni chanjo. Na kama ni mate, ni mate. Msichague kile kinachowapendeza."

"Ni vyote viwili," alisema daktari Rosemery, ambaye tayari alikuwa anafunga mkoba. "Chanjo ilileta uvimbe, na uvimbe ungeisha. Wembe ndio umeuozesha. Nitavisema vyote viwili, huko Ifakara na hapa kwa majirani zenu. Mama, mfunge mtoto. Tunaondoka."

Hakuchukua mkeka wala chungu. Alimfunga Beatus kwa kanga ile aliyoivaa, akatangulia. Nyuma yake alimsikia Sikitu akimwita mwanawe amzuie, na nyayo za Hermenegildi zikija haraka. Walifika mtoni pamoja. Teofili alikuwa ng'ambo, lakini mtumbwi wa Hermenegildi mwenyewe, ule mdogo wa kuvulia samaki usiobeba mizigo ya kuhama, ulikuwa umefungwa kwenye matete. Aurelia aliingia, daktari akaingia, Stanislaus akaingia na kulishika kasia kana kwamba linauma. Hermenegildi alisimama majini hadi mapajani. Aliufungua mtumbwi, akausukuma kwa nguvu ukaingia kwenye maji mengi, akabaki amesimama pale.

Hospitalini Ifakara walimpasua Beatus siku ileile. Nesi wa pale alimwambia Aurelia angoje nje, akina mama wengine huzimia. Akakataa. Alimshika mwanawe kichwa na kulitazama kwapa likifunguliwa, akayaona yote yaliyotoka: usaha uliojaza kibakuli, damu nyeusi, na katikati yake nyuzinyuzi za kahawia ambazo alizitambua. Alitaka kuona mpaka cha mwisho kitoke, na kilipotoka ndipo akakaa chini sakafuni.

Ilichukua muda. Sindano kila baada ya saa sita, mtoto analia akiona tu koti jeupe, kidonda kinasafishwa na kuachwa wazi kijazie kutoka ndani. Jirani yake wa kitanda alikuwa mama mmoja wa Lipangalala, Gladness, mwenye mdomo usio na breki. Alimuuguza bintiye aliyeungua kwa uji na kuwatania watu wote wodini. Aliposikia kisa kile alishika tama.

"Yaani alimtemea? Kwapani? Mate mabichi?"

"Na tumbaku."

"Mimi mkwe wangu ana maneno tu. Leo nimempenda."

Aurelia alicheka mpaka akaona aibu. Hata hivyo usiku ukiingia alikuwa na uzito, kwa sababu hakuna mtu wa kwao aliyekuja, na alijua kwamba shambani jina lake linatafunwa. Siku homa ilipoondoka kabisa, Beatus alinyonya hadi akalewa, akalala mdomo wazi. Aurelia aliinama, akiogopa, akamnusa utosini. Kulikuwa na dawa ya kusafishia, na jasho, na chini yake, mbali, maziwa yaliyochacha. Akaacha pua yake pale pale.

Daktari Rosemery alipita akamweleza jinsi alivyowahesabu watoto wenye uvimbe. Katika watoto wote aliowaona kwa mzunguko ule, wenye tezi zilizovimba walikuwa wachache mno, na waliobaki bila kuguswa walikuwa wazima. "Chanjo zake nyingine utamleta?"

"Nitamleta," alisema Aurelia. "Lakini mtuambie mapema, sisi na bibi zao. Nesi alituambia sisi wenye watoto tu. Wembe hatuushiki sisi."

Daktari akasema hilo ni kweli.

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa vikapu, Sikitu alipotokea mlangoni. Alikuwa amevaa kanga mpya, amejipaka mafuta, ana kibuyu cha uji. Hermenegildi alikuwa nyuma yake akiwa amekonda. Gladness alimkanyaga Aurelia mguu chini ya kitanda. "Ndiye?" Aurelia akaitikia kwa macho. Wodi nzima ikapunguza sauti, maana kisa kilikuwa kimeshatembea kitanda kwa kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sikitu alimtazama mtoto, bandeji, mkono unaochezacheza. Bila shaka alimpenda. Hilo Aurelia hakuwahi kulitilia shaka, na ndilo lililomtia kinyaa zaidi ya yote. "Nipe mjukuu wangu."

"Nawa mikono kwanza, mama. Maji yako pale."

"Mama Beatus," alisema Hermenegildi kwa kuomba.

"Maji yako pale, na sabuni ipo."

Sikitu akaweka kibuyu chini, akaenda bombani macho ya watu wote yakimfuata, akanawa kwa kelele, akarudi mikono ikichuruzika, ameinyoosha mbele kama anayeonyesha kwamba hakuiba kitu.

"Haya. Nimenawa. Lete."

Shavu lake la kushoto lilikuwa limefura.

"Na tumbaku, mama," alisema Aurelia. "Uiteme."

Sikitu alisimama, hatafuni, hatemi, hamezi. Alimgeukia mwanawe, akingoja aseme neno, kama alivyozoea kungoja na kupata. Hermenegildi alimtazama mama yake. Akamtazama Beatus. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo ya taka. Aliigusa kwa mguu, akaisukuma polepole juu ya sakafu, hadi ikafika mbele ya miguu ya mama yake, ikasimama.